Sindano, kijiti, vidonge: hedhi inakwenda wapi?

Nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu na sijaona siku zangu tangu mwaka jana. Damu inajikusanya wapi?

Haijikusanyi popote. Hofu ya "damu chafu" kurundikana tumboni ni sugu, na imewafanya wengi kuacha njia iliyokuwa inawafaa. Damu ya hedhi si taka inayosubiri kutolewa. Katika mzunguko wa kawaida, homoni ya estrojeni kutoka kwenye ovari hunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Yai likishatoka, homoni nyingine, projesteroni, huuandaa utando huo upokee mimba. Mimba isipotunga, homoni zote mbili hushuka, utando unabomoka, nayo hedhi inaanza.

Sindano ina projestini, homoni inayofanya kazi kama projesteroni. Inazuia yai kupevuka, ovari zinapunguza estrojeni, na utando unabaki mwembamba. Kisichojengwa hakibomoki. Baada ya mwaka mmoja wa sindano, karibu nusu ya wanawake hawaoni damu kabisa.

Mbona dada yangu ana kijiti cha homoni chini ya ngozi ya mkono na anatokwa na matone kila mara?

Kwa sababu utando mwembamba si lazima uwe imara. Mishipa yake midogo ya damu inakuwa dhaifu na kuvuja bila mpangilio. Si hatari, lakini inakera, na ndiyo sababu kubwa ya wanawake kwenda kutolewa kijiti kabla ya muda wake. Kabla hajafika huko aulize kliniki. Zipo dawa za siku chache zinazoweza kupunguza matone hayo.

Mimi natumia vidonge na naona damu kila mwezi. Basi kwangu utando unajengeka?

Kidogo tu. Damu hiyo hutoka kwa sababu umefika kwenye vidonge visivyo na homoni, ambavyo katika pakiti nyingi ni 7 kati ya 28. Mwili haukuhitaji mapumziko hayo. Ni mpangilio uliorithiwa kutoka enzi za vidonge vya kwanza, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1960. Matone ya katikati ya pakiti ni jambo jingine: mara nyingi hutokea miezi ya mwanzo, au umeruka kidonge.

Utando ukiwa mwembamba miaka yote hiyo, si utaniletea saratani?

Ni kinyume chake. Kinachotia wasiwasi ni utando unaonenepeshwa na estrojeni bila projesteroni ya kuudhibiti. Vidonge vyenye homoni mbili hupunguza uwezekano wa saratani ya utando huo, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuviacha. Kitanzi chenye homoni, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, hutumika hata kutibu hedhi nzito. Kisichanganywe na kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni na kinaweza kuongeza damu.

Nikiacha, nitashika mimba?

Ndiyo, utando hujengeka upya. Kwa vidonge, kijiti na kitanzi, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano ndiyo inayochelewesha, wakati mwingine hadi mwaka, kwa hiyo anayepanga mtoto hivi karibuni achague njia nyingine.

Lini nisisubiri?

Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, damu ikiwa nyingi ghafla, au tumbo la chini likiuma sana. Na kama ulichelewa sindano au uliruka vidonge kisha damu ikakatika, pima mimba kwanza.