Mkopo wa Kusomea Udaktari wa Mifugo Hautolewi kwa Kujuana

"Yule kapata kwa sababu ana mtu Dar es Salaam." Orodha za waliopangiwa mikopo zikitoka tu, maneno haya yanazagaa Tanga nzima, kuanzia Ngamiani hadi Lushoto. Ubaya wake hauishii kwenye maneno. Kila mwaka wapo vijana wenye Biolojia na Kemia nzuri ambao hawajazi fomu kabisa kwa sababu wameshaambiwa hawana mtu. Ndiyo maana hili tutalimaliza kwanza, na kwa urefu.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, inapima uhitaji wa mwombaji kwa nyaraka alizopakia kwenye OLAMS, mfumo wake wa maombi ya mtandaoni. Kama huna nyaraka ya kuthibitisha hali yako, mfumo utakuhesabu kama mtu asiye na hali hiyo. Umaskini wako unaweza kujulikana mtaa mzima, lakini usipoandikwa kwenye karatasi iliyohakikiwa hauhesabiki. Ukiwauliza vizuri wanaolalamika, utakuta mara nyingi kosa lilifanyika wilayani kwao, miezi kadhaa kabla ya orodha kutoka.

Tuanze na cheti cha kuzaliwa. Vijijini Handeni, Kilindi na Mkinga wazazi wengi wametunza tangazo la kizazi walilopewa hospitalini, wakiamini ndicho cheti. Sicho. Cheti kinaombwa kwa msajili wa wilaya, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na kwa mtu mzima utatakiwa uthibitisho kama cheti cha kumaliza shule, kadi ya kliniki au kiapo cha mzazi. Kikishatoka, RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wakihakiki na kukupa majibu ya uhakiki. Uhakiki huo una ada yake na unachukua siku. Anayeanza safari hii dirisha la mkopo likiwa limebakiza wiki moja ameshachelewa, na hapo hata awe na mjomba wa namna gani hatasaidika.

Halafu majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis bila i, na jina la babu limerukwa. Mwalimu aliyejaza fomu za mtihani alikosea na hakuna aliyesahihisha. Tofauti hii inarekebishwa kwa hati ya kiapo kwa wakili, na kama majina yamebadilika kabisa, kwa hati ya kubadili majina iliyosajiliwa. Shughulikieni hili mtoto akiwa kidato cha tano. Msisubiri matokeo.

Yatima ndio wanaoumia kuliko wote. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Barua ya ukoo si cheti cha kifo. Baba alifariki miaka kumi iliyopita, kifo hakikusajiliwa, na leo mtoto anajaza kwamba ni yatima bila cheti kilichohakikiwa na RITA: kwa Bodi, baba yuko hai. Mwenye ulemavu anahitaji fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Familia iliyo kwenye mpango wa TASAF iandike namba ya kaya. Kama ulisoma shule ya kulipia kwa msaada wa mtu au taasisi, pakia barua ya mfadhili, kwa maana bila hiyo ada ile inahesabika kama uwezo wa wazazi wako.

Lipo pia kosa la namba ya mtihani. Aliyerudia kidato cha nne ana namba mbili, ya shule na ya mtahiniwa wa kujitegemea. Namba uliyoombea chuo ndiyo uombee mkopo. Ukichanganya, mifumo miwili inaona watu wawili, na jina lako haliunganiki na nafasi yako ya chuo.

Mwisho ni sahihi na mihuri: mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mdhamini mwenye kitambulisho, na kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Fomu inachapishwa, inasainiwa, kisha kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupakiwa tena. Wengi wanalipa ile ada ya maombi ya shilingi 30,000, wanachapisha fomu, wanaisaini, halafu wanaiweka kabatini wakidhani wamemaliza. Ombi halijafika. Lingine ambalo wazazi wanalisahau ni kwamba dirisha hili mara nyingi linagongana na kambi za JKT za wahitimu wa kidato cha sita. Cheti na uhakiki wake viwe tayari kabla kijana hajaripoti kambini.

Na ukikosa, au ukipata asilimia ndogo, rufaa ipo. Inafunguliwa baada ya awamu za upangaji, na inafaa pale unapoongeza nyaraka iliyokosekana. Rufaa ya kulalamika bila karatasi mpya ni kupoteza muda.

Maneno mengine ya mtaani tutayajibu kwa kifupi.

"Nikichaguliwa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), mkopo unakuja wenyewe." Hapana. Haya ni maombi mawili tofauti, yenye ada tofauti na tarehe tofauti. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inasimamia sifa na ratiba. Shahada ya udaktari wa mifugo SUA, Morogoro, ni miaka mitano. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu. Wanaobadilisha laini katikati ya msimu wa maombi wanajiumiza wenyewe.

"Lazima uwe umesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia)." Nguzo ni Biolojia na Kemia. Wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) asijiondoe mwenyewe, asome kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka husika aone somo la tatu linalotakiwa.

"Mkopo unalipa kila kitu." Unapangiwa kwa asilimia na kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Tangu 2022/2023 chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata fungu lote. Lakini bumu la kwanza, yaani fedha ya kujikimu, halimsubiri mtu getini. Usajili, bima, nauli, koti la maabara, ovaroli na gambuti vinataka fedha mkononi. Ushauri wangu kwa mfugaji wa maziwa wa Muheza au Pongwe, na sitaacha kuurudia: tenga chakula cha siku 30, yaani shilingi 300,000, mbali na nauli na usajili, kuanzia mwezi mtoto anapofanya mtihani wa kidato cha sita.

"Deni litakumaliza." Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikilikuza deni ilifutwa 2021. Marejesho yanaanza baada ya miezi 24 tangu kuhitimu, na mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa 1,000,000 unakatwa 150,000, kwa hiyo deni la milioni 15 linaisha kwa miezi 100. Ni muda mrefu, ndiyo, lakini unahesabika.

"Ukimaliza Buhuri wewe ni daktari." Wahitimu wa LITA Buhuri, chuo cha mafunzo ya mifugo hapa Tanga, wanafanya kazi kubwa ya kutibu ndigana na kuzalisha ng'ombe mkoani kwetu, na hakuna sababu ya kuwadharau. Ila Sheria ya Veterinari ya 2003 inawatenganisha: daktari husajiliwa na Baraza la Veterinari kwa shahada, na mwenye stashahada huorodheshwa kama mtaalamu msaidizi. Stashahada ni njia halali ya kwenda shahada. Kiwango cha chini cha jumla cha TCU ni GPA 3.0, na programu yenyewe inaweza kudai zaidi, kwa hiyo anayelenga SUA asome Buhuri tangu muhula wa kwanza akiwa na GPA hiyo kichwani. Tangu 2023/2024 mikopo ya stashahada nayo ipo, na kilimo na mifugo ni mojawapo ya maeneo yaliyopewa kipaumbele.

"Wakala atanipeleka chuo cha nje, ni rahisi zaidi." Kabla ya kumlipa wakala hata shilingi moja, omba TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa chuo hicho na kozi hiyo, kisha liulize Baraza la Veterinari kama shahada hiyo itakusajilisha hapa nchini. Wakala akikuambia uharakishe malipo kabla hujapata majibu hayo, achana naye.