Kishikio cha mguu cha kupimwa: utajuaje kama kazi imefanywa vizuri?

Aliyepata kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mtu ambaye neva yake iliumia baada ya kuchomwa sindano ya takoni mahali pasipostahili: wote hawa wanaweza kujikuta kwenye karakana ya viungo bandia wakipimwa kishikio cha plastiki, kile kinachopanda nyuma ya kigimbi na kupita chini ya unyayo ili mguu usiburuzike. Kifaa hiki si cha bei rahisi kwa familia nyingi, na kwa macho tu chote huonekana kizuri. Haya ni maswali ambayo mgonjwa au mwenye kumuuguza anapaswa kupata majibu yake kabla ya kukipokea.

Mume wangu amepooza upande mmoja. Madukani mjini kuna vishikio vilivyo tayari. Kuna haja gani ya kusubiri cha kupimwa?

Inategemea mguu wenyewe. Kama unalegea kidogo tu, haukunjiki kwa ndani, haujavimba na ngozi yake inahisi vizuri, cha dukani kinaweza kumtosha, hasa kwa muda mfupi. Lakini mguu uliokakamaa, unaopinda upande au unaovimba jioni hautakubaliana na umbo la mguu wa mtu mwingine. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu kishikio kitamchuna asisikie, na kidonda kitagunduliwa soksi ikishalowa. Huyo asijinunulie. Aanze kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, katika hospitali za hapa Mwanza za Sekou Toure au Bugando, aelekezwe kwa wapimaji.

Kinatengenezwaje, na kazi mbovu huingilia wapi?

Mara nyingi huingilia mwanzoni kabisa, kabla plastiki haijatoka stoo. Mtaalamu humvalisha mgonjwa soksi nyembamba, huweka alama kwenye mifupa iliyotokeza, kisha humfunga hogo jepesi la plasta. Wakati plasta inakauka, mikono yake lazima iushike mguu katika mkao unaotakiwa: goti limekunjwa, kisigino kimenyooka, na unyayo umefika pembe ya nyuzi 90 na muundi, kama mguu unaruhusu. Akiuachia ukaning'inia, kosa hilo litahamia kwenye kila hatua inayofuata. Kwa hiyo ukiona mtu anapima mguu huku anazungumza na simu, una haki ya kuwa na wasiwasi.

Hogo likivuliwa hujazwa plasta ya maji na kutoa sanamu ya mguu. Sanamu hiyo huchongwa: plasta huongezwa penye mfupa ili plastiki isiuguse, na hupunguzwa penye nyama inayoweza kubeba mgandamizo. Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na mgonjwa haoni hata kidogo. Baadaye karatasi ya polipropilini, plastiki ya jamii moja na ile ya viti vya sherehe, huwekwa kwenye oveni mpaka ilainike, hutandazwa juu ya sanamu, na pampu hunyonya hewa ili igande kwa kuifuata. Ikivutwa sana hubaki nyembamba kisiginoni, na hapo ndipo itakapopasuka. Ikivuliwa kabla haijapoa sawasawa, hujipinda. Karakana yenye subira huiacha kwenye sanamu hadi kesho yake.

Siku ya kuchukua niangalie nini?

Kabla hakijavaliwa, pitisha kidole kwenye kingo zote. Ziwe laini, zimepigwa msasa, na zimejikunja kidogo kutoka kwenye ngozi. Vichwa vya ribiti visitokeze kwa ndani. Mikanda iwe imeshonwa imara, na ule wa kifundoni uwe unavuta kisigino kirudi nyuma na chini hadi kikae kabisa.

Halafu kivaliwe, na mgonjwa atembee. Usikubali kukabidhiwa kifaa mezani. Mtaalamu amtazame kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavuni, aangalie goti linafanya nini. Ukingo wa juu usiguse kile kifupa kilicho nje kidogo chini ya goti, kwa sababu neva inayopita hapo ndiyo inayoinua unyayo. Kishikio kirefu kupita kiasi kinaweza kuibana na kuzidisha tatizo lilelile kilichokuja kulitibu.

Baada ya nusu saa kivuliwe, ngozi ikaguliwe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tafuta sehemu iliyokoza rangi, yenye joto au alama ya kubonyea. Ikifutika ndani ya dakika 20 hadi 30, si tatizo. Ikibaki, na hasa ikiwa juu ya mfupa wa kifundo au wa ubavuni mwa unyayo upande wa kidole kidogo, kifaa hakijaisha.

Kinambana pembeni ya kifundo. Fundi wa mtaani amesema atakikata kidogo. Sawa?

Hapana. Ukingo ule haukuwekwa kwa urembo. Plastiki ikipita mbele ya mifupa ya kifundo, kishikio huwa kigumu na kinamsaidia hata asiyeweza kulidhibiti goti. Ikikatwa nyuma ya mifupa hiyo, huanza kucheza kama springi. Sentimita moja inaweza kugeuza kifaa kuwa kifaa kingine, na iliyokatwa hairudishiki. Kupasha moto kwenye jiko la mkaa nako ni kuharibu. Mtaalamu ana kifaa cha kupulizia joto, na anajua apashe wapi tu.

Nyumbani ni mlimani Mabatini, mawe na ngazi tupu. Anaweza kukivaa na kandambili?

Kandambili itateleza, na plastiki tupu juu ya jiwe lililolowa itamwangusha. Anahitaji kiatu cha kufunga, chenye soli isiyoteleza, kipana au kikubwa kwa namba moja. Viatu vya mtumba vinafaa kabisa, ila angalia kisigino: kishikio hupangwa kulingana na urefu wa kisigino cha kiatu. Akihama kutoka kiatu chenye kisigino kwenda cha bapa, muundi unasukumwa nyuma na goti linaanza kwenda kinyume. Ndani yake avae soksi ndefu ya pamba isiyo na makunyanzi, na kwa joto letu la ziwani awe na ya kubadili.

Cha mtoto kinadumu muda gani?

Mpaka akue, basi. Kikaguliwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Ukiona mistari myeupe kwenye plastiki penye mikunjo, inaelekea kupasuka.

Tumetoka Ukerewe kwa boti. Tunaona haya kurudi kulalamika.

Kurekebisha ni sehemu ya kutengeneza. Hata mikono iliyofunzwa vizuri, kama ya wanaohitimu TATCOT, chuo cha wataalamu wa viungo bandia kule hospitali ya KCMC Moshi kilichoanza mwaka 1981, hurudia kupasha na kupiga msasa. Kabla ya kulipa, uliza kama marekebisho yamo ndani ya bei na yatafanywa na nani. Kama mna ndugu mjini, laleni siku chache mkianza na saa moja moja ya kuvaa, mkiongeza kila siku, badala ya kupanda boti jioni ileile. Mkirudi karakanani, njooni na viatu vilevile anavyovaa nyumbani. Pakeni wanja au rangi ya mdomo juu ya ngozi inayouma, kisha avae kishikio: rangi itajichapa ndani ya plastiki, na mtaalamu ataona mahali penyewe pa kugusa.