Wiki: tovuti ambayo msomaji naye ni mhariri

Neno hili halihusiani na siku saba. Wiki ni tovuti ambayo msomaji anaweza kubonyeza "hariri", akaongeza, akafuta au akasahihisha kilichoandikwa, na badiliko likaonekana papo hapo. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1995 na Mmarekani Ward Cunningham, mtaalamu wa programu za kompyuta. Jina alilitoa katika Kihawaii, ambako "wiki wiki" ni haraka haraka. Baraka ipo au haipo, hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni inayoendeshwa kwa wiki, iliyozaliwa Januari 2001, haina jopo la wataalamu la kupitisha makala kabla hazijatoka. Mtangulizi wake, Nupedia, alikuwa nalo, na makala zake zilitoka kwa kudondoka mpaka mradi ukafa. Katika wiki ukaguzi huja baadaye. Kila badiliko hubaki kwenye historia ya ukurasa, likiwa na tarehe, saa na aliyelifanya. Mtu akiandika upuuzi, mwingine huurudisha ukurasa ulivyokuwa.

Yaani kinga kubwa ni macho ya watu. Mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha makala za sayansi za Wikipedia na za Encyclopaedia Britannica, likakuta wastani wa makosa manne hivi kwa makala upande wa Wikipedia na matatu upande wa Britannica. Britannica walipinga vikali. Lakini mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti iliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua vizuri lugha yenyewe, na mambo yalikuwa yameenda hivyo kwa miaka. Wasomaji walikuwa wachache, wahariri wachache zaidi. Sisi wa lugha zisizo na wahariri wengi tuna sababu ya kukisikiliza kisa hicho.

Kwa hiyo kuuliza kama wiki inaaminika ni kuuliza vibaya. Uliza kuhusu ukurasa ulio mbele yako: umepitiwa na wangapi, wanabishania nini kwenye ukurasa wake wa majadiliano, na tanbihi zake zinakwenda wapi. Zifungue. Mara nyingine gazeti lililotajwa kuwa chanzo lilinakili sentensi hiyohiyo kutoka kwenye wiki. Linganisha tarehe ya gazeti na siku sentensi ilipoingia kwenye historia, utajua nani alimwiga mwenzake.