Mvua moja, udongo aina tatu

Siku mbili baada ya mvua kubwa ya masika, mimi hushika jembe na mikebe, nikachota udongo mahali patatu: Magarini, pwani ya Kenya, kwenye udongo mwekundu wa kichanga, ukingoni mwa Mto Sabaki, na bondeni penye ule mweusi unaopasuka kiangazi. Kila mkebe naupima uzito, naukausha kwenye tanuri la nyuzi 105 siku nzima, kisha naupima tena. Kilichopungua ndiyo maji. Mvua ilikuwa ile ile, lakini mwekundu umeshayapitisha yake chini, na mweusi bado unang'ang'ania jembe.

Setilaiti ya SMAP ya Marekani, iliyorushwa Januari 2015, hupima unyevu huo kutoka juu. Inapokea mawimbi hafifu ya mikrowevu, yenye urefu wa sentimita 21 hivi, ambayo ardhi yenyewe huyatoa. Udongo mkavu hutoa mengi, uliolowa machache. Hupita saa kumi na mbili alfajiri, joto la udongo na la majani likiwa limekaribiana. Kinachopimwa ni kama sentimita 5 za juu tu.

Kwetu pwani kuna tatizo. Pikseli yake moja, yaani kipande kidogo kabisa cha picha yake, ni takriban kilomita 36 kila upande. Ukiiweka juu ya mji wa Malindi, Bahari ya Hindi imo, na bahari hutoa mawimbi machache kuliko udongo wowote. Ardhi ya Februari, iliyokaushwa na kaskazi, inaweza kuonekana imelowa chepe. Wataalamu huitoa bahari kwenye hesabu, lakini pikseli inayogusa ufuo mimi siiamini.

Kwa hiyo naegemea Sentinel-1 ya Ulaya, rada inayotuma mawimbi yake na kupima yanayorudi. Hii inaona eneo dogo la mita makumi, na Sabaki inajitenga na Magarini waziwazi. Ila shamba lililotifuliwa hurudisha mawimbi mengi hata likiwa kavu, kwa hiyo kwanza nauliza limelimwa lini.

Mzee mmoja wa Mambrui alinishika mkono shambani kwake: "Mwanangu, udongo una maji, mbona mahindi yananyauka?" Swali lake ndilo zito kuliko yote. Asilimia 20 ya maji kwenye kichanga inatosha mahindi kustawi. Kwenye mfinyanzi mzito, kama ule mweusi wa bondeni, asilimia hiyo hiyo imeshikwa kwa nguvu na chembe ndogondogo, mizizi haiwezi kuivuta. Tangu siku ile ramani zangu hazionyeshi unyevu mtupu. Zinaonyesha maji ambayo mmea unaweza kuyanywa, na bonde jeusi mara nyingi hutoka na rangi ya ukame.