Je, wajua? Picha nyingi za “zamani” katika filamu ya Sarah Polley zilipigwa juzi tu

Filamu ya hali halisi ya Stories We Tell, iliyotoka mwaka 2012, ambamo mwongozaji Sarah Polley anafuatilia siri ya familia yake, imejaa picha zinazoonekana kama zimetolewa kwenye sanduku la familia. Rangi zimepauka, chembechembe zinacheza juu ya uso wa watu, kamera inatikisika. Katikati yao yuko mama yake mcheshi, Diane Polley, aliyefariki kwa saratani mwaka 1990. Mtazamaji anakaa zaidi ya saa nzima akiamini kwamba mtu fulani wa nyumbani alikuwepo na kamera siku zile. Filamu inapokaribia kwisha, anaonekana Sarah mwenyewe akimwelekeza mwanamke aliyevaa kama Diane. Huyo ni mwigizaji Rebecca Jenkins. Picha za kweli za familia zimo, lakini nyingine nyingi ziliigizwa, zikachanganywa na za kweli bila alama yoyote.

Iliwezekanaje watu wazima, wakiwemo wahakiki wa filamu, wakaingia mtegoni?

Sehemu ya jibu iko katika maisha ya huyo mwongozaji. Sarah Polley alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1979, akaanza kuigiza akiwa mtoto mdogo. Aliigiza katika The Adventures of Baron Munchausen, iliyotoka mwaka 1988, kisha akajulikana nchi nzima kwa tamthilia ya televisheni ya Road to Avonlea. Mtu aliyekulia mbele ya kamera hujua kitu ambacho waongozaji wengi hujifunza ukubwani: jinsi mtu anavyobadilika akijua anapigwa picha. Anajua kicheko cha aibu, mkono unaoziba uso, macho yanayotafuta lenzi halafu yanakimbia. Ukitaka watu wazione picha zako kuwa za nyumbani, anza na hayo. Mwigizaji anayecheza kana kwamba kamera haipo anaharibu kila kitu, kwa sababu nyumbani kamera ipo na kila mtu anaiona.

Sehemu nyingine ni kifaa. Picha hizo zilipigwa chini ya usimamizi wa mpigapicha Iris Ng kwa Super 8, aina ya filamu ambayo kampuni ya Kodak iliingiza sokoni mwaka 1965. Filamu yake ina upana wa milimita 8 na hukaa ndani ya kaseti ya plastiki yenye mita 15 hivi. Kwa kasi ya picha 18 kwa sekunde, ambayo ndiyo iliyozoeleka majumbani, kaseti moja inakwisha kwa dakika 3 na sekunde 20. Kwa kasi ya 24, ni dakika 2 na nusu tu. Ndiyo maana video za nyumbani za miaka ya 1970 ni vipande vifupifupi: baba anawasha sekunde 5, anazima, anabania filamu. Anayeiga enzi hiyo kwa kupiga dakika nzima bila kukata amejiumbua mwenyewe.

Mtikisiko nao una sababu. Bamba linaloishikilia filamu ibaki bapa nyuma ya lenzi limo ndani ya kaseti, nalo ni la plastiki, kwa hiyo filamu hucheza kidogo inapopita. Mwanga pia hukosea kwa namna yake: kamera nyingi za Super 8 hujipimia zenyewe, na ukimpiga mtu aliyesimama mbele ya dirisha, kamera inasoma mwanga wa nje, inaubana, na uso wa mtu unakuwa kivuli. Ukitumia juani filamu iliyotengenezwa kwa taa za ndani, ukasahau kichujio cha rangi ya chungwa, familia yote inageuka bluu. Haya yote ni makosa, na fundi mzuri wa leo mkono unamwasha kuyarekebisha. Kwa kazi kama hii anatakiwa ayaache. Wengine hujaribu njia ya mkato, wakapiga kwa kamera ya kidijitali na kuongeza chembechembe kwa programu. Jicho zoefu hukamata haraka, maana chembe za filamu halisi hazijirudii, na za programu za bei rahisi huzunguka vilevile kila baada ya sekunde chache.

Faida kubwa kuliko zote ni ukimya. Kamera nyingi za aina hiyo hazikunasa sauti. Kwa hiyo Jenkins hakulazimika kuiga sauti ya Diane, jambo ambalo lingewashtua watu haraka kuliko sura. Alihitaji mwendo, nywele, mavazi na ule uchangamfu. Na Polley alikuwa na silaha ya ziada: filamu ya kweli, nyeusi na nyeupe, inayomwonyesha mama yake akiimba mbele ya kamera. Ukishamwona Diane halisi kwa dakika chache, ubongo unakubali kwa urahisi yeyote anayemfanana anayekuja baadaye kwa umbali na ukungu.

Hata hivyo ufa upo, tena uko wazi. Jiulize kwa kila picha: nani alishika kamera? Diane alikwenda Montreal mwaka 1978 kuigiza jukwaani, akaanza uhusiano na Harry Gulkin, mtayarishaji wa filamu, ambaye kipimo cha vinasaba kilikuja kuthibitisha kuwa ndiye baba mzazi wa Sarah. Mapenzi ya siri hayapigwi picha na jamaa wa nyumbani. Anayeuliza swali hilo mapema hung'amua mchezo kabla ya kuonyeshwa, na naona Polley aliuacha mlango huo wazi kwa makusudi.

Mahojiano aliyafanya kwa njia nyingine kabisa. Kila ndugu na rafiki aliombwa asimulie kisa chote tangu mwanzo kwa maneno yake, hata kama anayemhoji anakijua. Ukiuliza maswali ya vipande unapata majibu ya vipande. Ukimwacha mtu asimulie mwenyewe, unaona anapoanzia na anachoruka. Michael Polley, baba aliyemlea, anasoma studioni simulizi aliyoiandika mwenyewe, na mara kadhaa binti yake anamkatiza arudie mstari. Kukatizwa huko hakukuondolewa katika uhariri. Gulkin kwa upande wake hakupenda kila sauti ipewe uzito sawa. Alishikilia kwamba kisa ni cha waliokuwemo ndani yake, na kwa kuwa Diane amefariki, amebaki yeye.

Polley aliendelea na kalamu. Mwaka 2015 kizimamoto kilimwangukia kichwani, akaumia ubongo kiasi cha kusimamisha kazi zake kwa miaka. Kitabu chake cha insha 6, Run Towards the Danger, kilitoka mwaka 2022, na jina lake linatokana na ushauri wa daktari: asiyakwepe yanayomzidishia dalili, ayaendee. Humo anarudi hata kwenye milipuko iliyomtisha utotoni akiigiza Baron Munchausen. Mwaka 2023 alipata Oscar ya muswada wa filamu uliotoholewa kutoka kitabuni, kwa filamu ya Women Talking.

Ukiitazama Stories We Tell, usizime majina yanapoanza kupita. Kuna mwigizaji mmoja aliyewahi kufanya kazi na Diane, ambaye watoto walikuwa wakitania kwamba ndiye baba wa Sarah, naye mapema anakana kabisa. Pale mwisho anarudi na sentensi chache, na anakiri kwamba yeye na Diane waliwahi kulala pamoja.