Mwanagenzi si mtarajali

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwetu limepita tangazo: "Nafasi za UANAGENZI bure kwa wahitimu wa shahada ya uhasibu. Fomu sh. 20,000." Hiyo fomu ya elfu ishirini kwenye jambo la bure tuiache, mwenye macho ameshaelewa. Kilichonikwama kooni ni neno uanagenzi, maana si mara ya kwanza wala ya tano.

Uanagenzi ni kujifunza ufundi kazini, chini ya fundi, kwa muda mliokubaliana, sehemu ya masomo ikifanyika chuoni, na mwishoni unapimwa na kupewa cheti. Utarajali ni wa mhitimu: amemaliza chuo, anawekwa mahali pa kazi apate uzoefu wa fani aliyokwisha kuisomea. Fildi ni ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni, asipoenda hamalizi. Basi.

Sasa tazama neno lenyewe. Mwanagenzi yuko ukoo mmoja na mwanafunzi na mwanamaji, na "mwana" hapo si mtoto, ni mtu wa jambo fulani. Anayemwongoza ni fundi, na fundi katoka kwenye kitenzi funda, kilekile kilichotupa mwali anayefundwa, fundisha, funza, na haya mafunzo tunayoyabandika kwenye kila bango. Yaani fundi alikuwa mtu wa kufunda kabla hajawa mtu wa spana. Hata karakana wanamokutana tumeichukua kwa Waajemi: kar ni kazi, khana ni nyumba.

Pita gereji utamkuta mwanagenzi kainama, anafungua giaboksi, kila boliti anayoitoa anailaza juu ya kipande cha boksi kwa mpangilio uleule iliyotokea. Fundi wake hasemi kitu, anakunywa chai, mpaka boliti moja ikae pasipo pake. Huyu usimchanganye na saidia fundi wa kwenye ujenzi, anayebeba zege na kulipwa kwa siku. Hakuna aliyeahidi kumfundisha huyo. Akijifunza, kajifunza kwa kuiba na macho, na kwa watu wa namna yake VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa unachokiweza, unapewa cheti.

Mtarajali ni mtu mwingine kabisa. Ndani ya jina lake inasikika taraji: kazi ameshaisomea, anaitazamia. Hospitalini neno hili limezoeleka, tunasema madaktari watarajali na hakuna anayeshangaa. Jaribu kumwambia mgonjwa kwamba anayemhudumia leo ni daktari mwanagenzi, uone kama atasubiri dawa.

Serikali ya Tanzania yenyewe haikuyachanganya. Mwaka 2017 ilitoa miongozo miwili, wa uanagenzi mbali na wa utarajali mbali, na Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ikayaweka kama milango tofauti pamoja na huo wa kurasimisha. Bure yake ni kwamba ada ya mafunzo inalipwa na serikali. Mhitimu anayetafuta utarajali huanzia TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, si kwenye namba ya simu iliyoandikwa chini ya bango.

Ukiyachanganya, mhasibu anajipanga foleni ya ushonaji na ufundi bomba, anarudi na nauli imekwisha. Huyo angalau atauliza kwingine. Anayeniuma ni kijana wa kidato cha nne anayesoma "uanagenzi kwa wenye shahada" akaondoka kimya, wakati mlango ule ulikuwa wake.

Wiki iliyopita binti wa jirani, mhitimu wa uhasibu, aliniletea barua yake niipitie. Mstari wa kwanza: "Naomba nafasi ya uanagenzi." Nikampa kalamu. Akakata, akaandika utarajali juu yake kwa herufi ndogondogo.

"Mjomba, na Juma? Naye aandike hivi?"

Juma ni mdogo wake, kaishia kidato cha nne, anashinda kwa fundi friji pale njiapanda.

"Hapana, mama. Hilo ulilokata, mwachie Juma."