Tangazo la zabuni limetoka: nani atampokea mtoto Jumatatu?

Kila ikifika Februari simu yangu hailali. Majimbo mengi ya Marekani huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, kwa hiyo hii ndiyo miezi ya matangazo: idara ya jimbo au bodi ya ajira ya eneo inatafuta taasisi za kuwaandaa wanafunzi wa sekondari kwa kazi, na malipo yanatoka fedha za umma. Mpigaji mara nyingi ni kiongozi wa chama cha jamii yetu, Mkongomani, Mrundi au Mtanzania mwenzangu, yuko Dayton, Lexington au Des Moines. "Dada, kuna tangazo limetoka, kurasa sitini. Wanaowasema humu ni watoto wetu kabisa. Tuombe?"

Nami huuliza mambo mawili kabla ya kulifungua. Mwajiri gani, kwa jina, yuko tayari kumpokea mtoto Jumatatu ijayo? Na mishahara ya miezi mitatu ya mwanzo mtailipa kwa fedha ipi? Nilianza kazi hii nikiwa msindikizaji, yule anayesimama pembeni ya mwanafunzi dukani au hospitalini mpaka aizoee kazi. Baadaye niliandika maombi ya zabuni kwa niaba ya taasisi, na sasa huitwa kukaa kwenye jopo linaloyasoma na kuyapa alama. Nimeona watu wanaowajua watoto kuliko sisi sote wakikosa mkataba, na walikosa kwa sababu ya maswali hayo mawili.

Tuanze na chanzo cha fedha, maana matangazo mawili yanaweza kufanana kwa maneno huku yakitoka mifuko tofauti. Sheria inayozitoa fedha hizi ni WIOA (Workforce Innovation and Opportunity Act), sheria ya serikali kuu ya kuwaandaa watu kwa kazi, iliyosainiwa na Rais Obama tarehe 22 Julai 2014. Mfuko mmoja uko chini ya Wizara ya Kazi: fedha hushuka kwa gavana, kisha kwa bodi za ajira za maeneo, kisha kwa watoa huduma. Kwa upande wa wanafunzi, huwahudumia wenye miaka 14 hadi 21, wa familia zenye kipato cha chini, walio na angalau kikwazo kimoja kilichotajwa na sheria. Kuwa bado unajifunza Kiingereza ni kimojawapo, na kwa mlango huo watoto wetu wengi wanaingia. Ila asilimia 75 ya fedha hizo lazima iende kwa vijana walio nje ya shule, isipokuwa jimbo limepewa ruhusa maalumu, kwa hiyo fungu la wanafunzi huwa dogo na wanaoligombea ni wengi.

Mfuko wa pili ndio ninaoujua kwa undani. Kila jimbo lina idara inayowasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi, na WIOA iliilazimisha kutenga angalau asilimia 15 ya ruzuku yake ya serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu. Huduma hizo zinaitwa Pre-ETS (Pre-Employment Transition Services), yaani huduma za kumwandaa mwanafunzi kabla hajaingia kazini. Ukiwa kwenye kazi hii utazisikia kwa herufi hizo tu. Matangazo yake huwapita watu wetu hivihivi, kwa sababu wakiona neno ulemavu hudhani hayawahusu. Yanawahusu sana. Mtoto aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo kwenye kambi ya wakimbizi yumo. Mwenye kifafa yumo. Yule ambaye shule imemwekea mpango wa elimu wa peke yake, ule wanaouita IEP, kwa sababu kusoma kunamshinda ingawa akili anayo, naye yumo. Umri huanzia 14 au 16 kutegemea jimbo, na kwa kawaida hukomea 21. Wala si lazima awe amesajiliwa na idara ya jimbo. Inatosha aonekane anaweza kustahili.

Huduma zilizotajwa na sheria ni tano: kumsaidia mwanafunzi azijue kazi zilizopo, kujifunza akiwa kazini penyewe, ushauri kuhusu masomo ya baada ya sekondari, mafunzo ya mwenendo wa kazini, na kumfundisha kujisemea. Nne kati ya hizo unaweza kuzitoa darasani kwa karatasi na projekta, na waombaji wengi ndivyo wanavyofanya. Ya kujifunza kazini ndiyo inayowashinda, na ndiyo ninayoitafuta kwanza ninaposoma.

Hiyo ya kujisemea nayo watu huipitia juu juu, lakini mimi nimeiona ikifanya kazi. Niliwahi kumsindikiza kijana mmoja asiyesikia vizuri, alikuwa akipanga bidhaa kwenye supamaketi. Msimamizi wake alikuwa mtu mwema ila mwenye haraka, akitoa maagizo huku amempa mgongo, anatembea. Kijana akawa anaitikia kwa kichwa halafu anapanga kitu kingine kabisa. Wiki nzima tulifanya mazoezi ya sentensi moja, kwenye chumba cha kupumzikia, mimi nikiwa msimamizi na yeye akiwa yeye. Ijumaa akamgusa yule bwana begani: "Tafadhali, ukiniambia kitu nitazame usoni, nasoma midomo." Yule bwana akasimama, akageuka, akarudia agizo lote tangu mwanzo. Makosa yakapungua siku hiyohiyo. Saa zile za mazoezi zililipwa kwa fedha za umma, na sijui matumizi bora kuliko hayo.

Tujue pia WIOA ilikuwa inapambana na nini. Kwa miongo mingi vijana wenye ulemavu walitolewa shuleni wakapelekwa moja kwa moja kwenye karakana zilizoruhusiwa kuwalipa chini ya kima cha chini cha mshahara. Tangu tarehe 22 Julai 2016 mwajiri haruhusiwi kumwanza mtu wa miaka 24 au chini kwa malipo ya namna hiyo mpaka ithibitishwe kwamba alipewa kwanza huduma kama hizi, pamoja na masharti mengine. Kwa hiyo mtoa huduma asiyefanya kazi yake anamwacha mtoto kwenye njia ileile ambayo sheria ilitaka kuiziba.

Sasa twende kwenye meza ya jopo. Mwaka mmoja tulikuwa na maombi mawili yanayogombea kaunti moja. La kwanza lilikuwa na lugha nzuri mno na kurasa kumi na moja za kueleza shida za wanafunzi: umaskini, vita walivyokimbia, wazazi wanaofanya kazi usiku. Yote ya kweli, na yaliniuma kuyasoma, lakini jimbo lilikuwa linazijua shida hizo. Ndiyo maana lilitoa tangazo. Nilipofika sehemu ya kujifunza kazini nikakuta aya moja: "Tutashirikiana na waajiri mbalimbali wa eneo letu." Basi.

La pili lilikuwa na makosa ya sarufi na jedwali lililokatika katikati ya ukurasa. Lakini lilikuwa na barua tatu, na moja ilitoka chumba cha kufulia cha hospitali. Ilisema watapokea wanafunzi wawili kwa wakati, wenye miaka 16 kwenda juu, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Kazi yao ni kukunja mashuka, kuyahesabu na kuyapanga kwenye matoroli ya wodini. Mashine kubwa za kukamulia hawatazigusa. Msimamizi alitajwa kwa jina na cheo, na mwishoni wakaandika basi namba gani linatoka shuleni na linashusha kituo gani. Aliyeiandika barua ile alikuwa amekwenda kule, akasimama, akatazama. Sehemu hiyo niliipa alama kamili, na wenzangu wawili nao.

Ile "miaka 16 kwenda juu" haikuwekwa kwa bahati. Sheria ya serikali kuu hairuhusu mtoto wa miaka 14 au 15 kufanya kazi za kufua kibiashara, wala kuoka mikate, na siku ya shule hazidishi saa tatu za kazi, wiki ya shule saa 18. Chini ya miaka 18 haruhusiwi kugusa mashine ya kukatia nyama, hata ile ndogo ya kwenye duka la vyakula, wala kuendesha foklifti. Nimesoma maombi yaliyowapeleka watoto wa miaka 15 jikoni kwa mwoka mikate. Jopo likiona hivyo linajua mwombaji hajawahi kumsindikiza mtoto popote. Na kwa familia zetu jambo hili liko karibu kuliko wengine, kwa kuwa wazazi wengi wanafanya kazi viwanda vya nyama, na wazo la kwanza la mtu mwema ni kumpeleka mtoto alipo baba yake. Kwa karibu kazi zote za ndani ya kiwanda kile, haiwezekani.

Swali la pili, la fedha, ndilo lililovunja vyama vingi vilivyoshinda. Naam, vilivyoshinda. Mikataba mingi ya aina hii hulipa baada ya huduma kutolewa: unafundisha Septemba, unapeleka ankara Oktoba, inakaguliwa, unalipwa Novemba au Desemba. Chukua wafanyakazi wawili kwa dola 3,500 kwa mwezi kila mmoja. Miezi mitatu ni dola 21,000 kabla ya bima, kodi ya ofisi na mafuta ya gari, nawe hujapokea hata senti. Benki haitakukopesha kwa kuonyeshwa mkataba tu kama chama chako hakina historia ya mikopo.

Na ankara hairudishwi kwa sababu kubwa. Nikiwa kwenye taasisi, tulirudishiwa ankara ya mwezi mzima kwa sababu wanafunzi wawili hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu. Jimbo linatoa taarifa ya kila mwanafunzi kwa serikali kuu: tarehe ya kuzaliwa, aina ya ulemavu, asili yake, huduma ipi kati ya zile tano alipewa na lini. Kikikosekana kimoja, saa hizo haziwezi kuhesabiwa kwenye ile asilimia 15. Kwa hiyo msindikizaji wako anayependa watoto lakini anachukia karatasi atakugharimu. Mwandikie fomu fupi, ajaze akiwa bado kwenye kituo cha basi, asisubiri Ijumaa.

Ushauri wangu kwa chama kidogo ni kuingia kwanza kama mbia. Tafuta taasisi kubwa yenye akiba ya fedha na mhasibu, muingie pamoja, ninyi mchukue familia, ukalimani na waajiri mnaowajua. Lakini msikubali kutajwa kwenye ombi kama pambo. Kabla ya kutia saini makubaliano, pata kwa maandishi idadi ya saa mtakazopewa, bei ya saa, na siku ngapi baada ya wao kulipwa nanyi mtalipwa. Nimeona taasisi ikishinda kwa kutumia barua ya chama cha wakimbizi halafu mwaka mzima isiwapigie simu. Nalo jimbo lina sehemu yake: linaweza kugawa mkataba kwa kaunti ndogondogo, linaweza kulipa kiasi cha kuanzia. Yapo yanayofanya hivyo, na mengine yangeweza kufanya bila kuvunja kanuni yoyote.

Kisha kuna saini ya mzazi, ambayo kwenye tangazo huchukua mstari mmoja. Shule haiwezi kukupa kumbukumbu za mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 bila idhini ya mzazi. Fomu ni ya Kiingereza, na neno la kwanza linaloonekana ni ulemavu. Baba mmoja aliikunja fomu yangu taratibu, akairudisha mezani. "Dada, mwanangu si mgonjwa. Nikisaini hapa, kesho wataniambia hawezi kuoa, hawezi kuendesha gari." Sikumbishia. Nilimwomba nirudi Jumapili baada ya ibada, na nilirudi na mama mwingine ambaye binti yake alikuwa amemaliza huduma hizo na sasa ana kazi maktaba. Wakaongea wao kwa wao, kwa Kiswahili cha kwao cha Kivu, mimi nikinywa chai. Alisaini. Ziara zile mbili na saa zake zote hazikuwa na mahali kwenye ankara.

Hilo ndilo lililonifanya nihimize watu wahudhurie kikao cha wazabuni na watumie muda wa maswali. Kila tangazo lina tarehe ya mwisho ya kupeleka maswali kwa maandishi, na majibu huchapishwa kwa waombaji wote. Watu wetu huogopa kuuliza, wakidhani wataonekana hawajui. Mwaka juzi mama mmoja kutoka chama kidogo, ambaye alikuwa bado hajaamua kama ataomba, alipeleka swali moja: saa za mkalimani kwenye mazungumzo na mzazi kabla ya idhini zinalipwa na nani? Idara ilikaa nalo wiki mbili. Kisha ikatoa marekebisho ya tangazo, ukurasa mmoja, kwamba ukalimani kwa familia utalipwa kando, nje ya bei ya saa ya huduma, na kwamba unahusu lugha yoyote inayosemwa nyumbani kwa mwanafunzi.

Mwaka ule aliomba kama mbia. Mwaka huu ameomba kwa jina la chama chake.